Mkufunzi wa Alfajiri

Mwanamke aliyeingia ofisini asubuhi ile aliweka kikapu chake cha mchicha mlangoni, akakataa kiti.

"Shikamoo, mama," alisema Hashimu.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Scholastika. Bustani yangu inapakana na kile kiwanja chenu cha mafunzo, kule mwisho wa Mafiga. Nimekuja kwa heri, lakini nimekuja kushtaki."

"Kushtaki nini, mama?"

"Kelele. Kila alfajiri, kabla hata ya adhana, ni kwata. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mimi sichukii kazi za watu, hata marehemu mume wangu alikuwa mgambo. Lakini huyo mkufunzi wenu ana mdomo mchafu. Na juzi kijana mmoja alilia mpaka nikaacha kumwagilia. 'Basi, afande, basi.' Jamani, mnafundisha walinzi au mnatwanga kisamvu?"

Kalamu ya Hashimu ilisimama. Kiwanja kile kampuni ilikikodi tangu masika, na hakuna mlinzi hata mmoja aliyewahi kukikanyaga. Alifungua mdomo amwambie hivyo. Lakini mbele yake, mezani, lilikuwa wazi jalada ambamo yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameandika kwamba walinzi tisa wa kampuni walikuwa kiwanjani alfajiri ile, na ya jana, na ya juzi.

"Samahani sana, mama," alisema. "Tutapunguza sauti."

Hashimu alikuwa ofisa mafunzo wa kampuni hiyo ndogo ya ulinzi. Mwenye kampuni, mzee Fidelis, hakuwa mtu mbaya. Mlinzi akifiwa, alitoa gari. Lakini alipopata kazi ya kulinda maghala ya mpunga Kihonda, masharti yalikuwa wazi: mwajiri awafunze walinzi katika majuma yao ya kwanza lindoni, atunze rejesta ya mahudhurio somo kwa somo, na awe na jalada la kila mmoja, ili mkaguzi akija avikute.

"Mafunzo yanataka muda, na maghala yanataka walinzi leo," alisema mzee Fidelis. "Wewe andika. Tutawafundisha wakishatulia."

Hawakutulia. Na Hashimu aliandika. Baadaye, kilichomwaibisha zaidi hakikuwa kwamba aliandika, bali kwamba aliandika vizuri. Alikuwa amesoma chuo kikuu na alijua karatasi ya kweli inavyoonekana. Aliweka siku za mvua. Alimwandika mmoja kuwa amechelewa, na mwingine kuwa ana homa. Alibadilisha kalamu. Aliijaza rejesta yote kwa mkupuo, mpaka alfajiri ambazo zilikuwa hazijafika. Masomo ya upekuzi, kuzima moto na huduma ya kwanza yalipokwisha na saa zikawa bado zinabaki, alijaza mengine ya kubuni akiwa anakunywa chai: Kukesha. Kuvumilia Maumivu. Utii. Na mwisho kabisa, kwa kuwa mafunzo yote huishia hivyo, Kiapo.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Mosi, mdogo wa marehemu mkewe, Raya. Alimweka wa kwanza kwa mapenzi. Raya alipokuwa hospitali, mwili umekwisha na macho yamebaki makubwa, alimwomba mumewe jambo moja tu: "Mosi usimwache peke yake." Baada ya arobaini Hashimu alipanda Kinole, akamtoa kijana kwenye mashamba ya karafuu, akamvisha sare.

Kesho yake aliamka kabla ya adhana, akaenda kiwanjani kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru mpaka kwenye migomba ya mwisho. Palikuwa kimya. Nyasi zilimfika magotini, na umande ulikuwa juu yake wote, mweupe, haujaguswa. Hapakuwa na njia iliyokatwa na mguu wa mtu wala wa mbuzi. Akacheka peke yake, kicheko kidogo. Yule mama ana upweke, aliwaza. Mwenye upweke husikia mengi. Yeye mwenyewe, tangu Raya aondoke, alikuwa akisikia sufuria likifunikwa jikoni. Akageuka arudi.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza: dawa ya viatu, mbichi, kama kopo limefunguliwa sasa hivi, na chini yake harufu ya mfupa unaoungua. Kisha zikaja buti. Zilipiga ardhi mbele yake kwa pamoja, pigo moja lililomgonganisha meno, na juu ya nyasi umande haukudondoka hata tone. Kisha sauti, isiyofoka, sauti ya chini ya mtu anayesoma, ikaita "Mosi," na kutoka hewani, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa, sauti ya shemeji yake ikajibu "Afande". Ikamwita Alois, ikamwita anayefuata, na anayefuata, kwa mpangilio uleule alioupanga yeye mezani, mpaka ikafika kwa yule aliyemwandika mgonjwa siku ya tarehe ile, na hapo ikanyamaza kidogo, kama mtu anayesoma neno lililoandikwa pembeni mwa karatasi, ikasema "Homa," ikaendelea.

Hashimu hakukumbuka alifikaje barabarani.

Alikwenda moja kwa moja Kihonda. Walinzi walikuwa malindoni, na mtunza ghala aliapa kwamba hakuna aliyetoka usiku kucha. Mosi alisimama getini. Alikuwa kijana wa maneno, wa kumtania mpaka mteja, lakini asubuhi ile alisimama kama nguzo ya umeme.

"Vipi, shem? Umeamkaje?"

"Salama, afande."

"Afande nani? Ni mimi."

Mosi alitazama juu ya kichwa chake, hakupepesa.

Alois, mlinzi wa geti la nyuma, alimvuta Hashimu kando. "Bosi," alinong'ona, "huyu jamaa hakai chini siku hizi. Chai nampelekea, inapoa mkononi. Mwanzo tulimcheka, tukasema anataka cheo. Sasa hatucheki."

"Na wewe hujambo?"

"Mimi naota tu, bosi. Naota nakimbizwa, nimebebeshwa jiwe, kuna mtu nyuma anasema bado. Nikiamka miguu inawaka." Akalegeza kamba za buti moja, akaivua. Unyayo ulikuwa umechubuka wote, na kwenye nyama mbichi zilinasa mbegu za nyasi.

"Jana mlikuwa kwenye Kukesha au mmeshafika Kuvumilia?" Swali lilimtoka Hashimu kabla hajalizuia.

Alois aliacha kufunga kamba. Akainua uso.

"Umejuaje kama kuna masomo, bosi?"

Hashimu alimgeuzia mgongo. Alirudi ofisini, akalichana jalada, akalichoma nyuma ya choo mpaka likawa jivu. Lakini nakala ilikuwa imeshakwenda kwa wakaguzi na kugongwa muhuri bila kusomwa, na alfajiri iliyofuata mama Scholastika alipiga simu kusema kwamba leo, kwa kweli, wamezidi.

Mzee Fidelis alikuwa na furaha. Mteja alikuwa amepiga kusema hajawahi kuona walinzi wa namna ile. Hawaongei, hawasinzii, hawaombi hata maji. Alitaka waongezwe.

"Unaona?" alisema mzee, akimfungulia Hashimu soda. "Kazi yenyewe imewafundisha. Tulikuwa tunajisumbua bure."

Hashimu aliishika soda, hakuinywa. Kichwani alikuwa anahesabu masomo yaliyobaki. Kulikuwa na Utii. Kisha Kiapo. Alijua nani angeapa. Hakujua wangemwapia nani.

Mama mkwe wake, Bi Shadya, alishuka kutoka Kinole siku ya Jumamosi. Hakuja peke yake. Alifuatana na Hatibu, mganga wa majini, mzee mfupi mwenye koti kubwa, ambaye ukoo wake na ukoo wa Bi Shadya walikuwa watani tangu enzi za mababu. Waliingia nyumbani kwa Hashimu wakiwa bado wanagombana.

"Huyu nyani amekula nauli yangu yote kwa ndizi za kukaanga," alisema Bi Shadya.

"Nyani anakula cha mwenye shamba," alijibu Hatibu. "Hodi, mkwe. Kaa mbali na mama huyu, ukoo wao wakikosa cha kuiba huiba usingizi wa watu."

Hashimu aliwaamkia wote wawili. Bi Shadya alipokaa, uso wake ulibadilika.

"Mosi alikuja nyumbani juzi," alisema. "Nilimpikia. Hakula. Usiku alisimama mlangoni kwangu, ndani, ameupa ukuta mgongo. Nikasema mwanangu, nataka kutoka uani. Akasema, 'Hakuna ruhusa.' Baba, nimemzaa mimi. Nilijisaidia kwenye ndoo kama mgonjwa, mwanangu amenisimamia, ananiangalia. Ananilinda." Akajipangusa midomo kwa upindo wa kanga. "Wewe ndiye uliyemchukua. Kuna nini huko kazini?"

Hapo ndipo angesema. Alijua kwamba hapo ndipo. Alisema, "Ni kazi ngumu tu, mama. Mafunzo ni makali."

Hatibu, aliyekuwa anafungua kifurushi cha ubani, aliinua jicho moja, akalirudisha chini.

Mosi aliletwa alasiri, Alois akiwa amemshika mkono. Hatibu alimkalisha mkekani, akafukiza, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Mwanzo hapakuwa na kitu ila moshi na sauti za watoto wanaocheza nje. Kisha ile harufu ya dawa ya viatu ikapanda kutoka chini ya mkeka, ikaumeza ubani, watoto nje wakanyamaza wote kwa mara moja kana kwamba mtu amewaziba midomo kwa kiganja kimoja kikubwa, na Mosi, ambaye macho yake yalikuwa yamefumbwa, akakaa wima na kuanza kusema kwa sauti ya chini ya mtu anayesoma.

"Ni nani wewe uliyekaa humo?" aliuliza Hatibu.

"Mkufunzi."

"Umetokea wapi?"

"Nilikuwa mlimani. Sikuwa na kazi."

"Nani amekupa ruhusa ya kuingia kwenye watoto wa watu?"

"Sikuingia. Niliitwa. Palikuwa na kiwanja, na wanafunzi, na masomo, na saa. Kila kitu kiliandikwa na kugongwa muhuri kwamba kipo. Mwalimu alikuwa jina tu, mwenyewe hakuwepo." Kichwa cha Mosi kikageuka taratibu, macho bado yamefumbwa, mpaka uso wake ukamwelekea Hashimu. "Muulizeni huyo. Ratiba ni yake. Mimi sijaongeza hata somo moja."

Hashimu aliangalia mkeka. Alihisi damu ikimpanda masikioni, kama mtoto aliyekamatwa na kitu mfukoni, na alishangaa kwamba katika chumba chenye jini kitu alichokiogopa zaidi kilikuwa macho ya yule mama.

"Kiapo ni lini?" aliuliza Hatibu.

"Kesho kutwa alfajiri. Wakishaapa, ni wangu. Watalinda ninapotaka."

Mosi akaanguka ubavu, akalala, akikoroma kama mtu mzima aliyechoka.

Hashimu akaeleza basi, yote, bila kupamba. Bi Shadya alisikiliza huku amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso.

"Raya alijua?" aliuliza mwishoni.

"Hapana, mama. Alikuwa ameshakufa."

"Afadhali," alisema. Ingekuwa heri kwa Hashimu kama angemtukana.

Hatibu alizima makaa kwa maji. Utani ulikuwa umemtoka. "Huyu hatoki kwa ubani. Amekaa kwenye uongo kama popo kwenye dari, na nyumba uliijenga wewe. Utakwenda palepale, mbele yake, mbele yao, umtaje mmoja mmoja, useme hukumfundisha. Useme kwa mdomo wako. Usiache hata kitu kimoja kimesimama. Ukiacha chumba kimoja, atahamia humo."

Jioni Hashimu alikwenda kwa mzee Fidelis. Mzee alimsikiliza, akafunga mlango wa sebule ili wajukuu wasisikie.

"Hilo usiliseme," alinong'ona. "Mbele ya watu, hapana. Likifika kwa wakaguzi, kibali kimekwenda, na hao tisa hawana kazi. Waombee, mwanangu. Mimi nitatoa nia ya misa."

"Ni Mosi, mzee. Ni mdogo wake Raya."

"Najua." Mzee Fidelis alitazama chini. "Najua. Usiseme kwamba nimekuruhusu."

Alfajiri ya kiapo walinzi hawakwenda kwa ndoto, walikwenda kwa miili yao. Waliacha malindo, wakapita katikati ya mji ambao ulikuwa bado haujaamka, kwa hatua moja, na mbwa waliokutana nao hawakubweka bali walilala chini na kuficha pua. Hashimu, Bi Shadya na Hatibu waliwakuta kiwanjani wamesimama mstari mmoja kwenye ukungu. Kwenye ukingo wa bustani mama Scholastika alisimama na kopo la kumwagilia, ameshika msalaba wa rozari yake mdomoni. Mbele ya mstari hapakuwa na mtu. Lakini nyasi mahali pale zilikuwa zimelala, mviringo wa kiasi cha miguu miwili mikubwa, na mviringo ule ulikuwa unatembea, taratibu, kutoka mlinzi mmoja mpaka mwingine, ukisimama mbele ya kila mmoja kiasi cha kumwangalia vifungo.

"Sasa," alisema Hatibu.

Hashimu alianzia mwisho wa orodha. Alilitaja jina, akasema, "Sikukufundisha. Niliandika uongo." Mtu wa mwisho kwenye mstari akakaa kwenye nyasi, akaanza kujishika miguu na kulia. Mviringo ukasimama. Ukaanza kumjia. Hashimu akataja jina la pili huku anarudi nyuma, na la tatu, na harufu ya mfupa ikamjaa kooni hata kila jina likawa kama tonge la majivu, na kadiri alivyozidi kusema ndivyo nyasi zilivyozidi kulala kwa kasi kumwelekea, na yeye akisema sikukufundisha, sikukufundisha, nilikaa kivulini nikanywa chai na kuandika kwamba umekesha, nikaandika kwamba umevumilia, hukujua hata kushika mtungi wa kuzimia moto nami nikaandika umefaulu, Alois, nisamehe, sikukufundisha kitu, mpaka akabaki mmoja tu kwenye mstari na ubaridi ukawa mbele ya uso wake kabisa, unapumua.

"Mosi," alisema Hashimu. "Nilikuandika wa kwanza. Nilidhani nakupenda. Sikukufundisha."

Mosi alitapika maji meusi. Kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ndani ya basi.

"Shem," alisema, "mbona tuko hapa? Mama? Mama, mbona unalia?"

Bi Shadya alimkimbilia, akakaa naye chini kwenye umande, akampakata kichwa. Ukungu ulianza kupasuka. Kutoka mjini adhana ilianza, na nyasi mbele ya Hashimu zikainuka moja moja, kama nyasi tu. Alois alikuwa anacheka na kulia pamoja, akiwaambia wenzake waangalie miguu yao, wameziharibu buti za kampuni. Mama Scholastika alikuja na maji.

Bi Shadya aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alimtazama Hashimu machoni. "Asante, mwanangu," alisema. "Umesema. Si kila mwanamume angesema. Raya hakukosea mtu."

Maneno hayo yaliingia kifuani mwake kama uji kwa mgonjwa. Hakuwa ameyategemea.

Hatibu, utani umemrudi, alimpiga kofi la mgongoni. "Haya, mkufunzi! Tumemaliza wanafunzi. Na wewe ulifundishwa na nani? Isije ikawa na wewe ni wa kuandikwa."

Walinzi walicheka. Hata Mosi alicheka, kwa udhaifu. Bi Shadya naye alitabasamu, akingoja jibu.

Rekodi za kampuni zilikuwa na jina la mkufunzi, na jina hilo lilikuwa la Hashimu. Cheti chake cha ukufunzi alitengenezewa katika duka la kuchapa, mwaka aliopeleka posa Kinole, kwa kuwa mshenga alisema wazazi watauliza kazi yake. Raya alikipeleka mwenyewe kwa mama yake, akakitoa kwenye bahasha kwa vidole viwili asikichafue, na Bi Shadya, ambaye hakujua kusoma, alikishika kifuani akasema binti yake ameolewa na mwalimu. Raya alikufa akiamini hivyo. Lilikuwa jambo dogo. Halikumhusu mlinzi yeyote.

Hashimu alicheka pamoja nao.

"Mimi nilisoma," alisema. "Nilisomea ukufunzi Dar."

"Mama mkwe amebahatika," alisema Hatibu, akainama kukusanya chetezo chake.

Nyuma ya Hashimu, karibu sana na sikio, sauti ya chini ya mtu anayesoma ikasema, "Nyuma geuka."

Hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Hashimu aliamua kutogeuka, na akiwa bado anaamua visigino vyake vilikwisha kugongana, safi, kwa pigo moja, na mbele ya macho yake hapakuwa tena na watu bali mlima.

"Hashimu?" aliita Bi Shadya. "Mwanangu, unakwenda wapi?"

Alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, machache, mepesi, hata aibu yake haikuwa kubwa tena. Lakini aliye kwenye mstari hasemi mpaka aruhusiwe, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshainuka.